Safari Isiyo na Msiba

Kwetu Ntalikwa, mtu akionekana alfajiri kando ya barabara na begi, haulizwi anakwenda wapi. Anaulizwa kuna nini. Akijibu mgonjwa, atapewa pole na pengine kuku wa kupeleka. Akijibu msiba, watu watamchangia nauli. Akijibu harusi, atabebeshwa salamu. Lakini akisema anakwenda kutembea tu, kuangalia dunia, huyo atalikosa gari, maana kila apitaye atasimama kumhoji upya akiamini kuna jambo anaficha.

Kwa hiyo Bibi alipotangaza wakati wa chakula cha jioni kwamba karanga zikishauzwa anataka kwenda Ukerewe, nyumba nzima ilinyamaza. Bibi ni mama mzazi wa mume wangu, na sote tunamwita kwa jina walilompa watoto. Kaka mkubwa, kaka wa mume wangu, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Mama, kuna nini Ukerewe?"

"Kuna maji."

Ikabidi aeleze. Alipokuwa Tabora mjini kwa matibabu ya macho alilala Isevya kwa jamaa, akanywa maji ya bomba, akaambiwa yametoka Ziwa Victoria. Hakuamini mpaka alipofafanuliwa: maji yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanapandishwa kilimani kusafishwa, kisha yanashuka na bomba kupitia nchi ya Shinyanga na Nzega hadi Tabora. Bibi amekulia kwenye kisima cha mbugani. Kiangazi kikikaza alikuwa anashuka shimoni kabla jogoo hajawika, anakinga kata, anasubiri ijae, anapanda kumimina kwenye mtungi, anashuka tena. Jambo la maji kusafiri nchi yote ile ili kumfuata mtu jikoni kwake lilimkaa moyoni.

"Maji yametembea kutoka huko yakaja kunitazama," alisema. "Mimi nishindwe kwenda kuyatazama?"

Binti yake wa pekee, wifi yangu, ameolewa Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, na mpaka siku ile Bibi alikuwa hajakanyaga kwake. Tulidhani angalau hiyo ingekuwa sababu ya kuwapa majirani. Akakataa. Binti atamkuta kwa sababu anakaa huko, lakini safari si ya kumfuata binti. "Nakwenda kutalii," akasema, na neno hilo alilitamka mbele ya kaka mkubwa kama wanavyolitamka redioni, bila haya.

Nami nilikuwa upande wake toka mwanzo. Sisi ni wajukuu wa watu waliokuwa wakitembea. Enzi Tabora inaitwa Kazeh, Wanyamwezi ndio waliobeba njia nzima mabegani mwao, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, miezi kwa miezi, na kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa bado hajakomaa machoni pa wenzake. Walirudi na nguo na ushanga, na walirudi na habari: bahari ilivyo, wenyeji wa pwani wanavyoishi, Wazaramo wanavyotaniwa. Utani wetu na Wazaramo ulizaliwa kwenye njia hiyo. Leo tuna lami hadi Mwanza, safari ya siku moja, na hatuitumii ila kwa kuzika. Inaniuma. Mama aliyelea watoto na kulima maisha yake yote akisema anataka kuona ziwa, anastahili kuliona akiwa hai na miguu ikimbeba, asisubiri apelekwe huko kumlilia mtu.

Tukakubaliana mwezi wa sita, shule zikifungwa. Kaka mkubwa alibaki kulinda mbuzi na nyumba, tena presha ilikuwa imemsumbua miezi ile. Niliachia kwake simu yangu ili tusipoteane. Kwa kuwa huchaji kwenye sola ya jirani, alisema ataiwasha jioni ya siku tutakayofika tu, kabla ya hapo ataizima na kuifungia sandukuni. Simu ya safari ikawa moja, ya baba watoto.

Mizigo ilikuwa vita. Bibi hawezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu, na zawadi ya mtu wa Tabora inajulikana: asali. Dumu la lita tano, asali ya misitu ya miombo, ya msimu ule ule, nzito, nyeusi kidogo. Juu yake michembe, matobolwa, karanga za kusaga, na mtetea mmoja aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Kijana wetu mkubwa alikabidhiwa dumu. Alifunika, akafunga mfuko wa plastiki juu ya mfuniko, akakaza na mpira wa baiskeli, akasema hata likiangushwa halimwagiki.

Usiku wa kuamkia safari tulilala Isevya ili tuwahi stendi. Hapo ndipo baba watoto alipomwandikia dada yake ujumbe. Alitaka kumfurahisha. Alitaka dada afungue mlango na kumwona mama yake amesimama, bila majirani kujua mapema na kuharibu furaha. Akaandika hivi: "Tunakuja wote na Mama. Usimwambie mtu kwanza. Tukifika tutazungumza." Akautuma, akazima simu kutunza chaji, akalala usingizi wa mtu aliyetenda jema.

Basi liliondoka alfajiri. Bibi alikaa dirishani, na hakusinzia hata kidogo. Kila tulipopita mto mkavu aliuliza jina lake, na kila mwembe mkubwa alitaka kujua kama ulipandwa na watu wa misafara. Nzega tukanywa chai. Baada ya Nzega, barabara ikiwa imetulia na abiria wengi wamelala, mzee aliyekaa mbele yetu aliinua mkono akagusa bega lake, akatazama vidole, akavinusa.

Dumu lilikuwa juu ya keria. Mfuniko ulikuwa umelegea kwa mtikisiko, mfuko umetoboka, na asali ilikuwa imepata njia yake: imejaa kwanza kwenye begi la baba watoto lililokuwa chini ya dumu, imelowesha mashati yake na taulo, imeingia mfuko wa pembeni palipokuwa na simu, kisha ikaanza kushuka taratibu, uzi mmoja mwembamba unaong'aa kwenye jua, moja kwa moja hadi begani kwa suti ya kijivu ya yule mzee. Suti yenyewe ilikuwa ya msibani. Alikuwa anakwenda kuzika Shinyanga.

Nilisimama nikaomba radhi kwa maneno yote niliyoyajua. Mzee akalamba kidole. Akafikiri. Akageuka kwa Bibi: "Hii ya nyuki wakubwa au wadogo?" Bibi akamjibu, wakubwa, kwa sababu asali ya nyuki wadogo haijazwi kwenye dumu, ni dawa, huwekwa kwenye chupa. Wakaanza mazungumzo ya mizinga na miti inayotoa maua mazuri, na konda naye akaja na maji ya kufutia akabaki kusikiliza. Aliposhuka Shinyanga mzee alikuwa amevua koti, amelikunja mkononi, na mkono wa pili ameshika chupa ya soda tuliyomjazia. Aliuliza tunafuata msiba upande gani. Bibi akasema hatufuati msiba, tunakwenda kuona ziwa. Mzee alimtazama kwa muda, akasema, "Mungu akupe na mimi anipe."

Dumu lilibaki nusu. Simu ya baba watoto haikuwaka tena. Tuliifuta, tukaianika dirishani, tukaitikisa, ikatoa asali kwenye tundu la chaji na haikutoa sauti. Namba ya wifi hakuna aliyekuwa nayo kichwani. Tukaambiana si neno, anajua tunakuja.

Watoto walikuwa wamechoka, wakataka hadithi, nikawapa ya barabara yenyewe. Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, akamwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa, akashika njia ya kaskazini. Habari za ziwa walizipata hapahapa kwetu kwa wafanyabiashara Waarabu, waliolijua kwa jina la Ukerewe. Akiongozana na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuja kuwaongoza wageni wengi baadaye, alisimama juu ya kilima cha Mwanza tarehe 3 Agosti na kuliona. Vitabu vinasema Speke ndiye aliyeliona. Walioshika mizigo yake nao walikuwa na macho, ndivyo nilivyowaambia wanangu, na ndivyo ninavyofundisha darasani. Nikawaeleza pia kwamba kabla ya hapo, mwaka 1856, ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann ilichapishwa Ulaya ikiwa na ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, maana waliunganisha maziwa yote kuwa moja kwa habari za kusikia, na ziwa hilo wakaliandika kwa jina la Unyamwezi.

Bibi aligeuka kutoka dirishani. "Rudia hapo." Nikarudia. "Kumbe walikuwa wanajua ni letu," akasema, akarudi kutazama nje. Tulipopita Misungwi alisimama kabisa kitini akitafuta bomba lake, ingawa Ihelele haionekani kutoka barabarani.

Mwanza tulilala Nyegezi, jirani na stendi. Asubuhi, chini ya vilima vile vya mawe yaliyobebana, tukapanda meli ya Nansio. Bibi aliwasalimia Wasukuma waliokuwa bandarini "Mwangaluka", wakamjibu kama mama yao, wakampisha akae mbele. Meli ilipoacha gati alishika ukuta wa chuma kwa mikono miwili. Hakusema neno mpaka ufuko ulipofifia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza bei ya kitu kikubwa, "Na upande wa pili ni wapi?" Nikamwambia kule ni Uganda, na kule ni Kenya. Akatikisa kichwa. "Haya yote wamechota kidogo tu."

Sasa nirudi kwa wifi, na yaliyompata wakati sisi tunashangaa maji.

Alisoma ujumbe usiku ule ule ulipotumwa. Tunakuja wote. Na Mama. Usimwambie mtu. Tukifika tutazungumza. Akapiga kwa kaka yake: haipatikani. Akapiga kwangu, simu iliyofungiwa sandukuni Ntalikwa: haipatikani. Akapiga usiku kucha na siku nzima iliyofuata. Mtu mzima anajua maana ya ujumbe wa namna hiyo na simu zilizozimwa. Mama anakuja, basi si mama. Kaka mdogo ndiye aliyeandika, basi si yeye. Amebaki kaka mkubwa, mwenye presha. Wifi akakaa chini akafunga kilemba.

Na pale kisiwani hawachezi na habari ya simu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikikaribia kutia nanga Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugorola siku ya gulio. Walikufa watu 228. Tangu hapo simu isiyopatikana Ukerewe haichukuliwi kama simu iliyoisha chaji. Majirani walimkuta wifi anatetemeka, na hawakusubiri maelezo. Kabla ya jioni turubai lilikuwa limefungwa, mikeka imetandikwa, kuni zimeshushwa, mtu ameleta unga wa muhogo, mwingine dagaa, na katibu wa kikundi chao cha kusaidiana amefungua daftari la rambirambi na kuandika majina.

Meli ikafunga gati. Bibi akateremka wa kwanza, ameshikwa mkono na mjukuu. Akaona kundi la wanawake wenye kanga viunoni na vilemba, na katikati yao binti yake, macho yamevimba. Wifi alitoa kilio kimoja akaanguka miguuni pa mama yake. Wanawake wote wakaitikia.

Bibi alielewa jambo moja tu: binti yake amefiwa, na sisi tumekuja bila kujua. Mume? Mtoto? Naye akaketi pale pale kwenye zege la bandari akaangua kilio, akimwita Mungu kwa Kinyamwezi. Mimi nilipomwona Bibi analia nikalia. Baba watoto akatupa begi la asali, akamkumbatia dada yake, machozi yanamtiririka. Wale wanawake, walipoona kilio cha wafiwa wenyewe, wakazidisha. Tulilia hivyo pande zote mbili, kila upande ukiulilia msiba wa mwenzake, kwa muda uliowatosha abiria wengine kushuka wote na wachukuzi kuvua kofia.

Kitinda mimba wetu ndiye aliyetuokoa. Alivuta kanga ya shangazi yake akauliza, "Shangazi, nani amekufa?"

Wifi akainua kichwa. "Si baba yenu mkubwa?"

"Baba mkubwa yupo na mbuzi."

Palikuwa na kimya. Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akamtazama binti, akamtazama mwana. "Na kwako amekufa nani?" "Hakuna, Mama." "Basi nyanyukeni," akasema, "hii safari si ya msiba. Nimekuja kuona ziwa."

Wifi hakuridhika. Alisema atavua kilemba akisikia sauti ya kaka yake. Kwa hiyo tulikaa chini ya turubai, na watu hawakuondoka, mpaka kiza kilipoanza na simu ya Ntalikwa ikawashwa. Kaka mkubwa alipokea akasema haloo. Wifi akashindwa kuzungumza, simu ikapita mikononi mwa watu, kila mmoja akitaka kumsikia marehemu. Alipofahamishwa, aliuliza jambo moja: zimechangwa shilingi ngapi? Akatajiwa. Alinyamaza, kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwamba hakujua watu wasiomfahamu wangeweza kumtolea hivyo.

Shida sasa ilikuwa daftari. Bibi alisema fedha ya msiba hailali kwenye nyumba isiyo na msiba, irudishwe jina kwa jina kabla hakujakucha. Katibu akaanza kuita. Wengi walipokea. Lakini wazee kadhaa walikataa katakata: mkono ukishatoa rambirambi haurudi nyuma, kuirudisha ni kuuita msiba kweli. Mabishano yakawa marefu, pande zote mbili kwa heshima, mpaka mwenyekiti wa kitongoji alipopendekeza kwamba zilizobaki ziingie mfuko wa kikundi, zingoje siku ya mwenye haja. Bibi alikubali kwa sharti kwamba jina la mwanawe lifutwe juu ya ukurasa kwa kalamu, naye akiona. Likafutwa. Chakula hakikuhitaji mabishano. Ugali wa muhogo ulisongwa, dagaa wakaungwa, mtetea wetu akachinjwa, na watu waliokuja kulia walikula na kuuliza habari za Tabora hadi usiku wa manane.

Ikaja ya kulala. Kwa mila aliyokulia Bibi, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na mkwe mwenyewe tangu bandarini alikuwa amesimama mbali, ameinamisha macho, akimsalimia shikamoo kupitia watoto. Wifi alikuwa ameandaa kitanda kizuri cha neti. Bibi hakukigusa. Alilala kwa jirani, mama mjane aliyepikia kuni zake kwenye msiba wetu, na wawili hao wakawa marafiki tangu usiku wa kwanza. Nusu dumu la asali ilileta kesi nyingine, maana zawadi ya ukwe haitolewi ikiwa pungufu. Bibi akaamua iitwe zawadi ya wajukuu, na ya mkwe itakuja yenyewe, kamili. Shemeji aliitikia kwa mbali kwamba ameshiba.

Baada ya hapo ndipo tulipotalii. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika, na bado ni kimya kiasi kwamba unasikia kasia likigonga mtumbwi kutoka barabarani. Michungwa, mihogo, mawe makubwa, watu wanaosalimia. Tulipita Bukindo kuona jengo la ghorofa la watemi wa zamani, na watoto walihesabu madirisha. Mimi nilikotaka zaidi ni Kagunguli, kwa Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, akasomea na kufanya kazi na wamisionari, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Alikuja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa kisiwa hicho, aliitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka 2002.

Nilimsimulia Bibi kisa tukiwa chini ya mti karibu na kanisa: mke anayerudishwa kwao kwa maneno ya ndugu wa mume kwa sababu hajazaa, na mume anayekwenda kwa wakwe kuomba radhi na kutozwa pombe ya ndizi. Bibi alisikiliza kama mtu anayesikia habari za kijiji cha jirani. Aliuliza kama pombe ilifika yote au ilimwagika njiani. Aliposikia kwamba Kitereza na mkewe Anna Katura hawakubaki na mtoto, alikaa kimya. "Ndiyo maana aliandika vizuri habari za watoto," akasema. Nimesoma maneno mengi ya wataalamu juu ya kitabu kile, na hilo ndilo ninalolirudia kwa wanafunzi.

Kwenda Ukara kulitokana na yule mjane. Nduguye amezikwa Bwisya, mmoja wa wale 228, naye alikuwa hajavuka tangu mazishi kwa woga. Bibi akamwambia, tuvuke wote. Watoto nao walitaka jiwe la Nyaburebeka, jiwe linalocheza. Tukapanda kivuko Bugorola, safari hii kila mtu na koti lake la kujiokolea, na mjane alishika kidole gumba cha Bibi mwendo wote. Bwisya tukagawana: baba watoto na shemeji wakaenda na watoto kwenye jiwe, sisi wanawake tukaenda makaburini. Bibi hakumjua aliyelala pale. Alipiga magoti akang'oa majani kuzunguka kaburi, taratibu, mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha akahamia upande wa pili, na mjane akaanza kumsimulia nduguye alikuwa mtu gani. Watoto waliporudi walikuwa wanagombana njia nzima. Mkubwa anaapa jiwe limecheza, wa pili anasema lilitikisika tu, kitinda mimba anasema baba alifumba macho. Nao hawajapatana mpaka leo.

Siku ya mwisho Bibi alikwenda ufukweni alfajiri, nami nikamfuata. Alivua ndala, akainama kuchota. Wifi akaja mbio akimkataza: kichocho kimejaa kwenye maji ya kisiwani, watoto wengi hukipata kwa kuoga ziwani, hapaswi hata kuingiza miguu. Bibi alirudi hatua moja, akaikubali habari hiyo kwa uzito. Akauliza, sasa ya kwetu bombani? Nikamweleza tena habari ya kilimani Ihelele, kuchujwa na dawa, ambayo mara ya kwanza hakuijali. Safari hii alinirudisha nyuma kila hatua, hatua kwa hatua. Mwishowe aliomba chupa, shemeji akaenda kwa mtumbwi kuchota mbali na ufuko, tukayachemsha, yakafungwa vizuri na Bibi mwenyewe. Hayakumwagika hata tone hadi Ntalikwa, na kaka mkubwa alionjeshwa mbele ya majirani.

Mwezi wa kumi na mbili wifi anakuja. Anakuja na mume, watoto na yule mjane, watu tisa kwa jumla, na amesema wazi kwamba hawana sababu: wanakuja kutembea, maembe yakiwa yameiva. Nyumba imegawanyika juu ya kuwapeleka wapi. Watoto wanataka stesheni ya reli mjini. Baba watoto anataka bwawa la Igombe. Nami nimesema Kwihara, kwenye tembe alimoishi Livingstone mwaka 1872, Stanley alipomwacha mwezi wa tatu, akingoja wapagazi mpaka Agosti. Bibi aliuliza nani katika nyumba hii ameingia ndani ya tembe lile. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata kaka mkubwa aliyechunga ng'ombe upande ule ujana wake wote. Akaamuru twende sisi kwanza, Jumamosi hii, ili wageni wasije wakatukuta tunaulizana njia.

Baba watoto ameandika ujumbe wa kuwakaribisha. Bibi ameutaka usomwe kwa sauti kabla haujatumwa, akausikiliza mpaka mwisho, akasema umekaa vibaya. "Anza na kwamba wote wazima," alisema. "Taja jina la kaka yako peke yake. Halafu mwambie aje na machungwa."